Chumba cha Mbele: Safari ya Tabora

Mwezi uliopita niliagizwa na wakubwa wa ukoo wetu nifike Tabora kwa ajili ya kikao cha mirathi. Babu yetu alifariki zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na nyumba yake ya Gongoni haikuwa imegawanywa hadi siku hiyo. Marehemu baba yangu alikuwa miongoni mwa warithi, naye akatangulia mbele ya haki kabla ya kupata fungu lake, hivyo fungu hilo likawa letu sisi wanawe. Kwa kuwa nimesoma faraidh chuoni, na kwa kuwa ni katibu wa kamati ya msikiti huku Dar es Salaam, wakubwa walidhani nitakuwa na maneno ya kusuluhisha. Nilipokubali sikutambua kwamba nakwenda nikiwa mdai na msuluhishi kwa wakati mmoja.

Nilipanda treni ya umeme hadi Dodoma, nikalala hapo, na asubuhi nikachukua basi la Tabora linalopita Manyoni na Itigi. Msafiri anayejua historia hapitii njia hii kwa usingizi. Kilimatinde, jirani na Manyoni, palikuwa kituo cha misafara iliyotoka Bagamoyo. Baada ya hapo huja nchi kavu ya vichaka ambayo wapagazi waliiita Mgunda Mkali, kwa kuwa maji yake hayakuwa ya kutegemewa na msafara uliochelewa humo uliweza kuangamia. Mtu aliyebeba mzigo wa vitambaa, shanga au nyaya za shaba alipumua alipofika Tura, ukingoni mwa Unyamwezi. Wazungu Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakaingia Kazeh, yaani Tabora ya wakati huo, mwezi Novemba. Mimi niliuvuka Mgunda Mkali nimekaa kitini nikila karanga, na jambo zito lililonipata ni kumbembeleza dereva atusimamishie kwa swala ya adhuhuri. Alisimama, Allah amlipe, ingawa alipiga honi kabla hatujatoa salamu ya pili.

Tabora haikuanzishwa na serikali yoyote ya kikoloni. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikaa Unyanyembe, katika nchi ya Mtemi Fundikira, wakajenga matembe yenye nyua na bustani. Snay bin Amir, mtu wa asili ya Oman, ndiye aliyewapokea Burton na Speke kwa ukarimu ambao Burton mwenyewe aliuandika. Hapa njia iligawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Reli ya Wajerumani ilipofika mwaka 1912 ilifuata mantiki ileile. Mwaka 1914 ikafika Kigoma, na Waingereza wakaongeza tawi la Mwanza mwaka 1928. Sasa inajengwa reli ya kisasa, kipande cha kilomita 368 kutoka Makutupora hadi Tabora, nayo pia itagawanyika hapo hapo.

Wazee wetu hupenda kuisimulia misafara kwa fahari, nami nililelewa katika simulizi hizo. Lakini haifai kuficha kwamba pamoja na pembe za ndovu walipitishwa watu katika njia hii, na kwamba waliowapitisha walikuwamo watu wa dini yetu, waliosoma kama tunavyosoma kwamba kumwacha mtumwa huru ni ibada. Shangazi yangu alinisimulia usiku ule wa kwanza kwamba bibi yake babu aliletwa kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akiwa mtoto mdogo. Jina alilopewa na mamaye hakuwahi kulitamka mbele ya mtu. Alisilimu, akaolewa, akazaa, na kizazi chake kikawa cha Gongoni kama vizazi vingine vingi vya Wamanyema waliojaza misikiti ya Tabora na Ujiji. Babu, aliyefanya kazi relini maisha yake yote, ndiye wa kwanza katika mstari huo kumiliki kiwanja. Nililala usiku ule nikiitazama dari ya nyumba hiyo kwa namna nyingine.

Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma, baraza mbele. Chumba cha mbele cha kushoto kina mlango wake unaofungukia barazani, nacho kimekuwa madrasa tangu baba yangu akiwa kijana. Nyumba hiyo sasa imebanwa. Kulia kwake pana fremu za maduka zilizopakwa rangi ya kampuni ya simu. Kushoto inapanda nyumba ya wageni ya ghorofa mbili. Mwembe uliokuwa ukitupa kivuli tukija likizo umekatwa. Madalali wanapita mtaani na tangu habari za reli zisambae kila mmoja ana mnunuzi wake kutoka mbali.

Sitaki nieleweke kuwa nalilia udongo na bati kuukuu. Maji ya Ziwa Victoria yamefikishwa Tabora katika miaka ya karibuni, na shangazi, aliyebeba ndoo tangu akiwa msichana, hufungua bomba uani kwake akasema alhamdulillah kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Aghalabu anayesifu mji wa zamani ni yule ambaye hakuubebea maji.

Kikao kilipangwa Jumamosi. Ijumaa baada ya swala ami yangu mdogo alinipakia kwenye pikipiki yake akanipeleka Kwihara, nje kidogo ya mji, kuliona tembe linalohifadhiwa kuwa makumbusho. Dkt. Livingstone na Stanley walifika hapo mapema mwaka 1872 wakitoka Ujiji. Stanley akaondoka mwezi Machi, na Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Nyumba ina mlango wa kuchongwa na kuta nene, ndani pana ubaridi mzuri. Kwihara imo pia katika orodha ya awali ambayo Tanzania iliiwasilisha UNESCO mwaka 2006, pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa, Ujiji na vituo vingine vya njia ile.

Ami alizunguka mara moja, akaniuliza, "Na mwenye nyumba alikuwa nani?"

Nikamjibu kuwa lilikuwa la Waarabu wafanyabiashara, na wageni walipewa mahali pa kukaa.

"Basi mgeni aliandika, mwenye nyumba hakuandika," akasema, akaenda kuwasha pikipiki.

Neno hilo lilinichoma kuliko alivyokusudia, kwa sababu shauri letu lote lilikuwa hilo hilo. Babu alisema mara nyingi kwamba chumba cha mbele ni cha watoto wa chuo, awepo asiwepo. Hakuandika popote. Ami ndiye aliyetaka nyumba yote iuzwe, na mnunuzi wake alikwisha kusema kwamba bila upande wa barazani hatoi hata shilingi. Ningependa kumchora ami kama mtu wa tamaa, lakini si kweli. Analima tumbaku upande wa Urambo. Alikopa mbolea, msimu ukamwendea vibaya, na deni linamkosesha usingizi. Alikuwa na fungu halali katika nyumba ile, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyemuuliza kama analihitaji.

Tulikaa ukumbini baada ya alasiri: ami wawili, shangazi wawili, mimi na ndugu yangu kwa niaba ya baba, pamoja na sheikh wa mtaa na mzee mmoja jirani. Shangazi mkubwa huniita "baba", kwa kuwa nimepewa jina la babu, akanitaka nifungue kikao. Nikaeleza niliyosoma. Wakfu unatimia kwa kauli, na asili yake ni ardhi ya Khaybar ambayo Sayyidna Umar (r.a.) aliizuia isiuzwe wala kurithiwa kwa ushauri wa Mtume (SAW). Na hata kauli ya babu ikichukuliwa kuwa ni wasia tu, chumba kimoja kati ya sita hakifikii theluthi ambayo sharia imemruhusu mtu kuusia. Hayo yalikuwa rahisi. Ugumu ulikuwa katika ushahidi. Kati ya wazee watatu waliomsikia babu, wawili wamekwisha kufariki, mmoja Ramadhani iliyopita. Aliyebaki alishuhudia. Shangazi zangu nao walikiri, na kukiri kwa mrithi humfunga yeye katika fungu lake, lakini hakumfungi mwenzake.

Nilisema pia, nikijisema mwenyewe, kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na sisi tunaihifadhi kwa moyo huku karatasi hatuna. Msikiti ninaoutumikia umekaa miaka mingi juu ya kiwanja kilichotolewa kwa mdomo, na kazi yangu kubwa ya ukatibu imekuwa kuwafuata wajukuu wa mtoaji mmoja mmoja ili watie saini. Wawili hawajatia.

Kukawa kimya. Nikamgeukia ami mdogo, nikamwambia, "Ami, sikuombi ushahidi. Nauliza tu, babu aliposema, wewe ulikuwa wapi?"

Alitazama mlango wa chumba kile kwa muda mrefu. "Nilikuwepo," akasema. "Mkeka wa kwanza niliubeba mimi."

Shangazi mdogo akaanza kulia. Sheikh hakuongeza hotuba, jambo ambalo namshukuru. Akaomba daftari.

Yaliyofuata yalikuwa ya hesabu. Vyumba vya upande wa kulia vitafunguliwa kuwa fremu mbili za kupangisha, na kodi yake yote itakwenda kwa ami hadi deni limalizike, kisha igawanywe kwa mafungu. Ndugu yangu hakuipenda, akasaini. Kila mmoja aliandika jina lake. Shangazi mkubwa akaweka dole gumba. Bado tunatakiwa kwenda Mahakama ya Mwanzo kuthibitisha msimamizi wa mirathi, kisha ardhi, kisha chumba kikabidhiwe kwa wadhamini wa msikiti wa mtaa. Na mnunuzi yule amempigia ami simu mara mbili tangu siku hiyo, akiongeza bei kila mara. Ami mwenyewe ndiye aliyeniambia.

Basi langu Jumapili liliondoka asubuhi. Nilipotoka na begi, shangazi akinifungia michembe na chupa ya asali, watoto wa chuo walikuwa wamekwisha kufika na sauti zao zilijaa barazani. Ami alikuwa ameketi kizingitini akinisubiri anipeleke stendi, uso wake umeelekea barabarani. Mtoto mmoja akakosea kusoma. Ami akamsahihisha bila kugeuka, kisha akanyanyuka kulipokea begi.