Kirikuu ikiingia nyumbani, hesabu ni za wawili

Mwaka wa kwanza wa kumiliki gari la mizigo ndio unaoamua kama gari litalisha watoto, au watoto watalilisha gari. Nasema hivi nikiwa mke wa dereva, si dereva. Mume wangu ameshika usukani miaka mingi, mimi nimeshika daftari. Kwa niliyoyaona hapa Nyakahura, wilayani Biharamulo, daftari lina kazi kubwa sawa na usukani, na siku nyingine kubwa zaidi.

Kwa miaka saba alikuwa akiendesha Canter ya mtu. Kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, kinachobaki ndicho chetu. Gari likiharibika, anampigia tajiri simu, kisha anarudi nyumbani kusubiri. Tuliponunua kirikuu yetu, Suzuki Carry iliyokwisha kutumika hapa nchini, tajiri wa kupigiwa simu hakuwapo tena. Tajiri na dereva walikuwa wanalala kitanda kimoja, na chakula cha wote wawili kinatoka kwenye sufuria yangu.

Fedha ya kununulia ilitoka sehemu tatu: akiba yetu, ng'ombe mmoja tuliyemuuza, na mkopo wa VICOBA ninakochangia. Wapo waliotushauri tuchukue mikopo ya haraka ya mtaani, ile tunayoiita kausha damu. Tulikataa. Gari linaweza kulala gereji wiki mbili, lakini riba ya kausha damu hailali hata usiku mmoja.

Mzigo wenye haraka

Watu wengi wakisikia kirikuu wanafikiria kuhamisha vyombo au kubeba ndizi za sokoni. Kazi hizo zipo, lakini huku kwetu kuna kazi nyingine inayoletwa na barabara.

Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam inapita Kahama, inafika Nyakanazi, inaendelea Lusahunga, inapita hapa Nyakahura, halafu inaingia Ngara. Huko malori mengine yanakwenda Rwanda kupitia Rusumo, na mengine Burundi kupitia Kabanga. Kipande cha Lusahunga hadi Rusumo peke yake ni kilomita 92, na sehemu kubwa ni mapori na milima. Semi likipasua tairi au likivunja springi huko katikati, dereva hawezi kuliacha na mzigo wa watu. Anahitaji kifaa leo, anahitaji na fundi leo. Hapo ndipo kirikuu inapopata mzigo wenye haraka, na mzigo wenye haraka hulipa kuliko gunia.

Haraka nyingine ni za majirani. Duka la Benaco limeishiwa saruji na fundi yuko juu ya ukuta. Harusi ya Rulenge inasubiri viti na maturubai. Mtoto anakwenda bweni na tranka, godoro na ndoo. Na kuna safari ambayo hakuna anayeiombea, ya kubeba jeneza.

Ubaya wa mizigo hii ni kwamba haina ratiba. Jumatatu simu inaita mara nne, Jumanne hadi Ijumaa kimya. Nyumba iliyozoea hesabu ya kila jioni inapata shida sana kujifunza kuishi hivyo. Watoto wakimwona baba yao amekaa nyumbani siku tatu, wanadhani hana kazi. Tuliwaeleza kwamba kungoja simu nako ni kazi, na kwamba fedha ya Jumatatu ni ya wiki nzima.

Laki moja na kumi elfu imekwenda wapi?

Chukua safari moja kutoka katika daftari langu. Springi na fundi kupelekwa hadi jirani na Rusumo, malipo shilingi 110,000. Mtu anayetazama kwa nje anasema tumeua.

Petroli ya kwenda na kurudi ilikuwa 50,000, maana alirudi tupu. Chakula cha njiani 6,000. Zikabaki 54,000. Hapo ndipo ndugu, marafiki na hata sisi wenyewe tunapotaka kuanza kula. Lakini gari nalo lina mdomo: lina matairi, oili, breki, bima na leseni. Tukaweka 25,000 za gari. Deni la VICOBA 15,000. Nyumba ikapata 14,000.

Ndiyo, elfu kumi na nne kati ya laki moja na kumi. Siku ile tulinunua unga, mafuta ya kula, dagaa na madaftari mawili. Aliyepata mzigo wa kurudi nao, hata wa 20,000 tu, amepata zaidi ya faida yote hiyo. Ndiyo maana baba watoto hageuzi gari kabla hajawapigia simu wenye maduka na wafanyabiashara wa maharage anaowafahamu kule.

Tuna laini ya simu ya gari peke yake. Malipo yote yanaingia huko. Jioni tunakaa wote wawili, anataja, naandika, tunagawa. Bei ya mafuta tunaiangalia kila EWURA inapotangaza bei kikomo, Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya safari tunaipanga upya hapo hapo. Mteja akilalamika, tunamwonyesha bei ya kituoni.

Uzito na karatasi

Kuna jambo ambalo wauzaji wa kirikuu hawalisemi. Gari hili lilitengenezwa Japani likiwa na injini ya sisi 660, na sheria ya kule inaliruhusu kubeba kilo 350. Huku kwetu mtu anakuja na magunia kumi ya maharage na kukuambia mwenzako jana alibeba kumi na mawili. Tena gunia lenyewe ni lumbesa, unahesabu kilo 100 kumbe ni zaidi.

Hapa Nyakahura tuna mizani ya barabarani, lakini hupima magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5. Kirikuu inapita pembeni bila kuulizwa, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Mizani isipoipima, springi zitaipima, na breki zitaipima kwenye mteremko wa Ngara. Mume wangu alipanga bei kwa uzito, si kwa idadi ya magunia, na mzigo mkubwa anaugawa safari mbili. Wapo wateja waliotukimbia kwa hilo. Waliobaki ni wale wenye vitu ambavyo hawataki vimwagike.

Karatasi nazo zina gharama, na zilipwe kabla ya safari ya kwanza. Kubadili umiliki wa kadi TRA, ili gari lisome jina lenu. TIN ya biashara. Bima. Leseni ya LATRA ya kubeba mizigo ya kulipwa. Leseni ya dereva ya daraja linalostahili. Anayebeba mazao ajue pia kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18, mzigo wa mazao usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru wa mazao. Sisi tunaovuka kutoka Ngara kuja Biharamulo, jambo hilo limeokoa fedha za wateja wetu wadogo zaidi ya mara moja, kwa sababu tu dereva alikuwa analifahamu na alilieleza kwa heshima.

Gari la ukoo

Wiki ile ile kirikuu ilipoegeshwa uani, tuligundua tuna ndugu wengi. Shemeji anataka kuhamisha matofali. Mama mkwe ana ndizi zake za kupeleka mnadani. Jirani anasema, "Si unapita tu huko huko?"

Baba watoto ana huruma, hawezi kusema hapana. Mimi naweza, lakini nikisema mimi, nitaitwa mke mbaya. Tukakubaliana kwamba atakayesema ni yeye, na kanuni iwe moja kwa ndugu wa pande zote mbili. Msiba na mgonjwa, tunachukua mafuta tu. Mama mwenye uchungu wa kujifungua tunampeleka hata akiwa hana kitu, naye anakaa mbele, si nyuma kwenye bodi. Kazi nyingine yoyote inalipiwa, ndugu anapunguziwa kidogo. Mama mkwe alinuna mwezi mzima. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa anawaambia wengine, "Gari la mwanangu lina deni, muwe mnalipa."

Simu ya saa tatu usiku

Mwezi wa tano wa biashara ulikuwa mbaya. Clutch ilikufa, gari likalala gereji siku tisa, fedha ya gari ikaisha yote. Rejesho la VICOBA lilikuwa linatakiwa Jumamosi, shilingi 150,000, na sisi tulikuwa na 40,000.

Alhamisi saa tatu usiku simu ya gari ikaita. Mtu asiyejulikana alikuwa na "mzigo" karibu na mpaka, wa kufikishwa Nyakanazi kabla ya kupambazuka. Malipo shilingi 400,000, nusu mkononi. Mume wangu akauliza ni mzigo gani. Yule mtu akasema, "Ni watu wanane tu, turubai unalo."

Hakumjibu. Alikuja jikoni, akaniambia kila neno. Hicho ndicho ninachomshukuru hadi leo, kwamba aliniambia kabla ya kuamua.

Tulikaa kimya muda. Laki nne ni rejesho, ni matairi mawili, ni mahitaji ya shule ya mkubwa wetu aliye kidato cha pili. Halafu tukaanza kuhesabu upande wa pili. Gari likikamatwa na wahamiaji haramu linazuiliwa, na linaweza kutaifishwa. Dereva anapelekwa mahakamani. VICOBA bado itadai. Na wale wanane ni watoto wa watu, chini ya turubai, kwenye barabara ya milima, usiku. Wakubwa wa hapa wanakumbuka miaka ambayo magari yalisubiriana ili yasindikizwe na askari wenye silaha kupita mapori haya. Barabara imetulia, lakini usiku ni usiku.

Akampigia yule mtu, akamwambia hapana, na asipige tena. Jumamosi nilikwenda kwenye kikundi na 40,000 na mbuzi mmoja tuliyemuuza kwa haraka. Bado hazikutimia. Nilisimama mbele ya wanawake wenzangu, nikaomba wiki mbili. Walinitoza faini ya 10,000, wakanipa wiki mbili. Sitasema haikuniuma. Lakini mume wangu alikuwa nyumbani amelala, na gari lilikuwa uani.

Tangu siku ile tuna kanuni iliyoandikwa kwenye jalada la daftari: mzigo usioonekana haubebwi, na baada ya saa kumi na mbili jioni hatupakii.

Kaeni wawili kwanza

Mzazi mwenzangu unayetaka kuingia kwenye kazi hii, iwe ni wewe utakayeendesha au ni mwenzako, kabla ya kulipa fedha ya gari jibuni pamoja maswali haya. Gari likilala gereji mwezi mmoja, tutakula nini? Rejesho litatoka wapi? Nani atashika daftari, na je, yule mwingine atakubali kuulizwa? Nani atawaambia ndugu? Na ni mzigo gani hatutaubeba hata tukiwa na njaa? Swali la mwisho lijibiwe mapema, kwa sababu siku likija halitakupa muda wa kufikiri.

Deni la VICOBA tulilimaliza mwezi wa kumi na nne. Hatujatajirika. Paa la jiko bado linavuja upande mmoja. Lakini fedha ya gari ipo, na matairi manne tuliyanunua bila kukopa.

Siku hizi Jumapili jioni yule wa kidato cha pili ndiye anayejumlisha safu za daftari, mimi nasoma tu. Wiki iliyopita alimaliza, akamtazama baba yake akasema, "Baba, wiki hii gari limekula kuliko sisi." Baba yake akacheka, akamjibu, "Ndiyo maana wiki ijayo litafanya kazi." Hakuna aliyeuliza kwa nini nyama haikununuliwa.