Namba ya Kisanduku na Mahali pa Mtu

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea ramani ya mvua ya Milima ya Uluguru, nami nikaipitisha. Kijiji kimoja cha mteremko wa mashariki, upande unaojulikana kwa mvua nyingi, kilionekana kikavu. Nilidhani ni ajabu ya msimu. Kumbe lilikuwa kosa langu, kwani programu ya kukokotoa nilimpa mimi.

Data za mvua za CHIRPS, zinazoanzia mwaka 1981, zimepangwa katika visanduku vya digrii 0.05, yaani takriban kilomita 5.5 kila upande. Atakaye mvua ya mahali palipo kati ya visanduku hufanya interpolesheni: hukadiria kiasi kisichojulikana kutokana na vile vinavyokizunguka. Maktaba huria ya programu tuliyoitumia ilielewa namba za visanduku tu. Ilitupasa kuchukua longitudo, kutoa mwanzo wa gridi, kugawanya kwa 0.05, kisha kujumlisha moja, maana visanduku vilihesabiwa kuanzia moja. Hiyo moja niliisahau. Mvua ya kijiji ikasomwa kisanduku kizima magharibi zaidi, ng'ambo ya mlima. Kompyuta haikulalamika, kwa kuwa jibu lilikuwa namba kama namba nyingine.

Ndugu msomaji, nimeandika mara nyingi kwamba zana za elimu hutengenezwa mbali nasi bila kutujali. Safari hii mlango ulikuwa wazi: msimbo ule ni wa umma, na yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Kilichonizuia ni mazoea ya kupokea. Nikakaa chini, nikaandika sehemu inayomruhusu mtumiaji kutaja digrii zake, na maktaba yenyewe ikabeba hesabu ya kuzigeuza. Hata kasi ya mabadiliko ilibidi igawanywe kwa 0.05, la sivyo ingekosewa mara ishirini. Mkaguzi mmoja aliniuliza: mtu akitaja mahali nje ya gridi, itakuwaje? Msimbo wangu ulimpa thamani ya ukingoni, kimyakimya. Nikaubadilisha ukatae kujibu.

Tangu hapo sioni tofauti kubwa kati ya maktaba ile na madirisha ya ofisi zetu. Mwananchi hufika na jina lake, kijiji chake na shida yake; huambiwa arudi na namba ya jalada. Mzigo wa kutafsiri huachiwa asiye na daftari, na akikosea, kosa huitwa lake.

Mwanafunzi wangu alilazimika kurudia sura mbili. Nilimwomba radhi kwa maandishi. Katika tabaruku ya tasnifu yake alinishukuru kwa umakini wangu, neno ambalo hadi leo naona haya kulisoma.