Mnara wa Fort Mill

Fort Mill, South Carolina, Agosti 2023

Tamthilia ndiyo iliyonileta. Katika The Righteous Gemstones, ukoo wa wahubiri wa televisheni una ndege tatu zilizopewa majina ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na ugomvi wa urithi usiokwisha. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Kisha nikagundua kuwa jimbo hilihili ilikopigwa picha liliwahi kuwa na mambo hayo kwelikweli.

Mahali penyewe paliitwa Heritage USA. Wahubiri wa televisheni Jim Bakker na mkewe Tammy Faye walipafungua mwaka 1978: studio, hoteli, maduka, bustani ya michezo ya maji. Kwa wingi wa wageni, mwaka 1986 walitanguliwa na bustani mbili za Disney tu. Sasa kumejaa nyumba za watu, na juu ya miti limebaki gofu la hoteli la ghorofa 21 ambalo halikupata kulaza mgeni hata mmoja. Nimelitazama nusu saa nzima. Ukituma dola 1,000, uliahidiwa kulala siku tatu kila mwaka, maisha yako yote. Watu wakatuma. Nafasi zikauzwa kupita vyumba. Mwaka 1989 mahakama ya Charlotte ikamfunga Bakker miaka 45. Adhabu ikapunguzwa, akatoka 1994.

North Charleston, kesho yake

Saa tatu na ushei barabarani. Kanisa kubwa la akina Gemstone kumbe ni ukumbi wa hoki ya barafu! Nimepiga picha moja, nikaondoka. Maegesho ni maegesho.

Usiku nimerudia vipindi vya mwanzo nikimtafuta mtu mmoja tu: mtoa sadaka. Yupo, ila ni umati wa kupiga makofi. John Goodman, anayemwigiza baba wa ukoo, na wanawe wamejaza kioo chote. Hapo ndipo tamthilia inaponipunja, maana nyumbani nimewaona wanaopanda mbegu: namba ya kutumia pesa inapita chini ya kioo, na shangazi anatafuta miwani ainakili.

Tena Tammy Faye hachekeki kirahisi hivyo. Wanja na machozi, sawa. Lakini mwaka 1985 alimhoji kwa setelaiti Steve Pieters, mchungaji shoga mwenye UKIMWI, akawasuta Wakristo wenzake wanaoogopa kuwakumbatia wagonjwa kama yeye. Wahubiri wangapi wa zama zile wangethubutu?

Jambo moja la jana sikuliandika. Pale mnarani alipita mzee akitembeza mbwa. Akaniona nimeinua shingo, naye akasimama, akanyoosha fimbo yake kuelekea ghorofa ya saba au ya nane hivi, kwenye dirisha lisilo na kioo.

"Kile cha mama," akasema, akavuta kamba ya mbwa wake, akaenda zake.