Kutoka Kanyaruchinya hadi Kiwanja, na mbwa juu ya Fuso

Februari 2025, kambi za Goma zilipovunjwa, mama mmoja na watoto wake wanne walipanda Fuso kurudi Kiwanja. Konvayeri alikataa mbwa. Mama akatoa faranga za unga wa jioni, mbwa akapakiwa kati ya shitingi na masufuria. Abiria walimcheka, bure tu: kambini mbwa huyo ndiye aliyebweka usiku wezi walipokaribia hema. Kibumba mvua iliwapiga, Rumangabo gari likakaa sana. Kiwanja walikuta kuta zimesimama, bila mabati wala mlango. Mbwa, aliyezaliwa kambini, alikataa kuingia, akaenda kulala chini ya gari. Kitindamimba, naye mzaliwa wa kambi, akamfuata.