Kupungua, Kuvuja, Kuvujisha

Kwa miaka mingi darasani nilifundisha mnyambuliko wa vitenzi, na mara nyingi niliandika ubaoni: vuja, vujia, vujisha. Wanafunzi walinakili, nami nikaweka vyema. Sikujua kwamba mimi mwenyewe sijalielewa somo hilo mpaka nilipokwisha kustaafu, na aliyenifundisha ni bwawa la maji.

Sehemu ya kiinua mgongo changu niliitumia kujenga bwawa dogo la kuogelea nyuma ya nyumba, hapa Kilwa Masoko. Ni la mita 4 kwa 3, na maji yake hunifika kifuani. Wajukuu wangu wanakulia Dodoma, nami niliona aibu kizazi cha watu wa pwani kiogope maji. Fundi aliyelijenga alipata kuwa mwanafunzi wangu. Nilimlipa robo tatu ya ujira, nikaahidi kumalizia robo iliyobaki baada ya mwezi.

Mwezi haujaisha, maji yakaanza kushuka. Ulikuwa mwezi wa Julai, kusi ikivuma mchana kutwa na mvua hakuna. Kila asubuhi mstari wa maji ulikuwa chini ya pale nilipouacha jana. Sikumwita fundi. Nilikwenda barazani, nikawaambia wenzangu kwamba kijana yule amelipua kazi na kunivujishia maji. Mzee mmoja akaitikia, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Sote tukatikisa vichwa. Hakuna aliyeuliza ufa wenyewe uko wapi, wala kama upo.

Hebu tuvitazame vitenzi hivi. Maji yakipungua, hakuna anayelaumiwa: jua huyanywa, upepo huyachukua. Yakivuja, ipo kasoro, na lugha yetu huitaja kwa namna mbili: husema mtungi unavuja, na pia maji yanavuja. Chombo na kilichomo hushiriki kitenzi kimoja, kama tunavyosema siri imevuja au mtihani umevuja. Lakini tukifika kwenye kuvujisha, amekwisha kuingia mtu. Silabi moja tu imeongezeka, na tayari tuna mtuhumiwa. Mimi nilitoka kwenye kupungua nikarukia kuvujisha, katikati sikupatazama.

Kijana mmoja anayetunza bwawa la hoteli ndiye aliyenionyesha njia. Alichukua ndoo, akaitia jiwe ili isielee, akaiweka kwenye ngazi ya bwawa. Akaijaza mpaka maji ya ndani yakawa sawasawa na ya nje, kisha akachora alama mbili, moja ndani ya ndoo na moja nje yake. Akaniambia nisiruhusu mtu aoge wala nisiongeze maji mpaka kesho saa kama ile. Hoja yake ilikuwa rahisi: jua na upepo huyanywa maji ya ndoo kama yanavyoyanywa ya bwawa. Ndoo haina ufa. Basi bwawa likishuka sawa na ndoo, maji yanapungua tu, likiizidi, linavuja.

Kesho yake maji ya ndoo yalikuwa yameshuka milimita 6, ya bwawa milimita 20. Tofauti ni milimita 14, ambazo kwa eneo la bwawa langu ni lita 168, zaidi ya ndoo nane za lita 20 kwa siku. Nilikaribia kufurahi, kwa kuwa nilidhani ndoo imenipa ushahidi dhidi ya fundi. Kijana akanizuia. "Ndoo inasema bwawa linavuja, Mwalimu. Haisemi ni kwa sababu ya nani. Yaache yashuke. Yatakaposhuka sawa na ndoo, angalia yamefika wapi."

Baada ya siku kadhaa yakawa yanashuka sawa na ndoo. Mstari wake ulikuwa chini kidogo ya mdomo wa bomba la kumwagilia mchicha. Tuliongeza maji yakalifunika bomba, tukayaacha yatulie. Nikaleta wino mwekundu, ule niliosahihishia madaftari, tukaudondosha taratibu kwa bomba la sindano kando ya mdomo ule. Wino haukutawanyika. Ulijivuta kama uzi, ukaingia katika mwanya mwembamba baina ya bomba na ukuta.

Bomba lile fundi hakuliweka. Niliagiza mimi, wiki moja baada ya yeye kuondoka; kijana mwingine akautoboa ukuta na kuuziba kwa saruji kavukavu ili nisitumie fedha nyingi. Aliyevujisha alikuwa mwenye bwawa.

Nilikumbuka safari zangu na wanafunzi kule Kilwa Kisiwani, kwenye Husuni Kubwa, kasri linalohusishwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyetawala Kilwa wakati Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Juu ya jabali linaloitazama bahari limo birika la pembe nane, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kila mwaka wanafunzi waliniuliza maji yalifikaje huko juu. Hakuna aliyeuliza yalikaaje. Kuyaleta maji ni kazi ya mabega. Kuyafanya yakae ni kazi ya fundi, na kazi ya fundi huionekani mpaka iharibike.

Nilimwita yule wangu, nikamlipa robo yake na kumwomba radhi. Akainamisha kichwa, akasema, "Mwalimu, ungeniuliza tu." Kisha akaliziba lile tundu, na malipo ya kazi hiyo akayakataa.

Ilibaki baraza. Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno yangu yalikuwa yamekwisha kuzunguka mtaa mzima. Nilikwenda jioni ileile, nikayasema mbele ya wale wale walionisikia mwanzo. Yule mzee wa methali alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza bwawa lilikuwa na nini hasa.

Nikamjibu: "Lilikuwa linavuja." Nikaishia hapo kwenye kitenzi, kisha nikaongeza jina langu.