Kungoja Taya

Dada yangu anaamini kwamba kusomea shahada ya uzamili ya upangaji meno ni kujifunza kufunga waya. Sehemu kubwa ni kujifunza kungoja.

Binti yake ana miaka 9. Meno yake ya juu ya mbele yametokeza, taya la chini limebaki nyuma, na shuleni wameshampa jina. Dada anataka waya leo. Mimi namhesabia: magego ya kwanza ya ukubwani huota karibu na miaka 6, lakini chonge za juu huchelewa mpaka 11 au 12. Katikati, meno ya utoto yanapisha mengine, moja moja. Taya la chini nalo hushika kasi wakati wa balehe, na kifaa cha kulivuta mbele hufanya kazi vizuri zaidi wakati huo. Kwa hiyo kila miezi 6 tunampima urefu na kulinganisha picha. Zamu ya eksirei ya pembeni ikifika, umbo la pingili za shingo litatuambia ukuaji umefikia wapi.

"Na akianguka je?" dada aliniuliza.

Meno yaliyotokeza huumia kirahisi mtoto akianguka, na kuyarudisha mapema hupunguza hatari hiyo. Kungoja kuna bei yake, na anayeilipa si mimi.

Mtoto anacheza rede kila jioni. Simkatazi. Nimemwomba msimamizi wangu tumjadili upya wiki hii, na swali la dada nimeliandika juu kabisa ya faili.