Gitaa la Tabora na Sikio la Kondensa

Kiswahili kimewapa jina moja msikilizaji na mpiga kelele. Chombo kinachopokea sauti ya mghani twakiita kipaza sauti, na lile boksi linalomwaga sauti hiyo barazani nalo aghalabu twaliita vivyo hivyo. Katika miaka yangu ya kutafsiri nimelivumilia neno hili, hadi siku nilipolazimika kuviweka vyombo hivyo viwili uso kwa uso, katika chumba kimoja mjini Tabora.

Maikrofoni niliyokwenda nayo ni ya kondensa, ya studio, ninayoitumia kurekodia watu wakighani mashairi. Ndani yake mna utando wa unene wa mikroni chache tu, uliopakwa dhahabu na kutandwa karibu na kibamba cha madini. Sauti ikiupiga, nafasi baina ya viwili hivyo hubadilika, na umeme hubadilika nayo; ndiyo maana chombo hudai volti 48 kutoka kwenye meza ya sauti. Hunasa hata pumzi ya mghani kabla hajatamka. Hapa kisiwani tunakihifadhi pamoja na chembe za kunyonya unyevu, maana mvuke wa bahari hukifanya kikwaruze. Mafundi wengi hawapendi kukiona mbele ya amplifaya inayonguruma. Huko hupeleka maikrofoni ya koili na sumaku, isiyojali vishindo, wakaibana kwenye kitambaa cha spika.

Tabora nayo si mahali pa kunong'ona. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapo, pamoja na pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa. Miembe ya njia hiyo ingalipo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliimba wakitembea, kirangozi akiwa mbele. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel alichapisha kwa Kijerumani uchunguzi wa nyimbo za Wanyamwezi, zilizonaswa kwenye mitungi ya nta. Santuri za nta hazikuwa na umeme: mwimbaji alipaswa kuisogelea pembe ya mashine na kupaza kwelikweli. Mashine ya kwanza, basi, iliwataka watu wa huko wapige kelele. Yangu inasemekana yawataka wanyamaze.

Reli ilifika mjini mwaka 1912, magitaa yakafuata baadaye. Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz: wengi wetu visiwani tuliujua mji huo redioni kabla ya kuuona kwenye ramani, na Shem Karenga, aliyefariki mwaka 2014, alituachia "Dada Asha". Radio Tanzania ilizirekodi bendi zikipiga kwa pamoja, na nyingi hatungezisikia leo lau si kanda zile.

Mzee niliyemwendea alipiga gitaa la solo katika bendi ambayo haikubahatika hivyo. Vidole vyake vimeanza kukauka. Alitaka nyimbo mbili zibaki kwa wajukuu, kwa amplifaya yake ya valvu, nzito kama kasha la bibi harusi. Kijana fundi akamwomba kwa adabu apunguze sauti.

"Mjukuu wangu, hii nikiipunguza inakuwa gitaa la mtu mwingine," akajibu. Kisha akanigeukia: "Na wewe mdogo wangu, mghani wako akinong'ona, shairi ni lilelile?"

"Silo, mzee wangu," nikasema.

Alikuwa na haki hata kwa hesabu za ufundi, kwani valvu zikisukumwa hadi ukingoni hubadili umbo la sauti, si ukubwa wake tu. Nami nilikuwa nimekwisha kuyatafsiri maelezo ya maikrofoni yetu. Kinachoelemewa kwanza kwa kawaida si ule utando, bali sakiti ndogo iliyo nyuma yake; swichi ya kupunguza huwekwa baina yao. Neumann U 87 Ai, kwa mfano, huvumilia desibeli 117, na swichi ikishushwa, 127. Kilichobaki ni umbali: mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili, desibeli 6 hupungua. Chumbani hupungua kidogo kuliko hivyo, kwa kuwa kuta huirudisha sauti.

Tukashusha swichi, tukaiweka maikrofoni hatua mbili kutoka kwenye spika, imegeuzwa upande kidogo. Mzee hakugusa kitufe chochote.

Maikrofoni iliyobanwa kwenye kitambaa huleta gitaa bila nyumba. Ndivyo nionavyo mimi, na mafundi wanisamehe. Yetu ilileta gitaa likinguruma, bati likitetemeka juu yake, na ukucha ukiparuza waya. Ilileta pia kidole cha tatu kisichobonyeza sawasawa.

Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Kidole hicho kimesikika," akasema. Fundi akajitolea kukifuta kwa kompyuta.

"Kiache."

Tukarekodi wimbo wa pili, kwa sauti ileile, na kumaliza kabla umeme haujakatika.